Maswali ya Wasomaji: Viza ya Kielektroniki na Fomu Usiyopaswa Kumwachia Mtu

Ukurasa wa maswali safari hii unajibu barua zinazohusu jambo moja, nalo ni namna ya kuomba viza ya kwenda nje ya nchi kwa njia ya mtandao. Tumeziweka pamoja kwa sababu, ingawa walioziandika wanakwenda nchi tofauti na kwa shida tofauti, karibu wote wamepita kwenye mlango wa duka la stesheneri au wa mtu anayejiita wakala, wakamkabidhi pasipoti na kuambiwa warudi kesho. Barua tumezifupisha, na majina ya wenyewe tumeyahifadhi.

*Ndugu mhariri, ninamuuguza mama yangu mwenye tatizo la vali ya moyo. Familia imekubaliana apelekwe India, na hospitali moja ya Chennai imekwisha kutuandikia barua ya kumpokea. Hapa mtaani kuna kijana mwenye stesheneri aliyesema atatujazia maombi ya viza ya mama, yangu na ya kaka yangu kwa shilingi laki moja kila mmoja, mbali na ada ya viza yenyewe. Je, tumpe kazi hiyo? Na tuombe viza ya aina gani? — Anayeuguza, Majengo, Moshi.*

Pole sana kwa kuuguza, dada, na Mungu amjalie mama nafuu.

Nianze na aina ya viza, kwa kuwa kosa la hapo huharibu yote yanayofuata. India hutoa viza za kielektroniki za aina kadhaa, na Watanzania wamo miongoni mwa wanaoruhusiwa kuziomba. Mgonjwa huomba viza ya matibabu, na wanaomsindikiza huomba viza ya wasindikizaji wa mgonjwa, ambayo hutolewa kwa watu wasiozidi wawili kwa mgonjwa mmoja. Wewe na kaka yako mnatimiza idadi hiyo, hivyo shangazi au mama mdogo akitaka kuongezeka itabidi atafute njia nyingine. Asitokee mtu wa kuwashawishi muombe viza ya utalii kwa hoja kwamba inapatikana upesi zaidi. Mtu anayefika uwanja wa ndege na viza ya matembezi huku mkoba wake umejaa majibu ya vipimo na barua ya hospitali amejitafutia maswali yasiyo ya lazima, tena akiwa na mgonjwa aliyechoka kwa safari.

Viza ya matibabu ya kielektroniki humruhusu mwenye nayo kukaa siku 60 tangu anapoingia kwa mara ya kwanza, na kuingia hadi mara tatu. Kabla hamjajaza neno lolote, waulizeni madaktari wa Chennai kwa maandishi matibabu yatachukua muda gani, pamoja na siku za kurudi kuangaliwa baada ya upasuaji. Wakisema yatapita miezi miwili, ni heri mzungumze mapema na Ubalozi wa India ulioko Dar es Salaam kuhusu viza ya kawaida ya matibabu kuliko kwenda kuhangaikia nyongeza ya muda mkiwa ugenini na mgonjwa yuko kitandani.

Sasa nije kwa kijana wa stesheneri. Sina ubaya naye, na wapo wengi wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu. Kumlipa mtu akusaidie kupiga skani, kupunguza ukubwa wa faili na kuchapa kwa haraka ni jambo la halali. Lakini kuna mambo mawili ambayo nakuomba usiyaachie mkononi mwake hata kama ni mpwa wako: anwani ya barua pepe na kiti cha kando yake wakati fomu inajazwa. Kuhusu barua pepe, maduka mengi hutumia anwani moja ya duka kwa wateja wote ili kazi iende upesi. Matokeo yake ni kwamba namba ya maombi, maswali ya ziada kutoka India na viza yenyewe vyote vinakwenda kwenye sanduku lisilo lako, na siku duka likifungwa kwa msiba au kijana akihamia Dodoma, wewe huna pa kushika. Fungueni anwani ya familia leo hii, andikeni neno la siri kwenye daftari la nyumbani, na iwe ndiyo inayojazwa kwenye fomu zote tatu.

Kuhusu kukaa kando yake, fomu ya India huuliza mambo ambayo kijana hawezi kuyajua, na asipoyajua atayabuni. Itauliza mahali walipozaliwa wazazi wa mwombaji na uraia wao, kama wazazi au mababu walikuwa raia wa Pakistan, dini, kiwango cha elimu, alama inayoonekana mwilini, nchi zilizotembelewa katika miaka 10 iliyopita, na jina la mtu wa kuulizwa huko India na mwingine hapa nyumbani. Nimeona fomu iliyojazwa dukani ambamo bibi mzaliwa wa Marangu ameandikwa amezaliwa Dar es Salaam, kwa sababu tu mchapaji alibofya mji wa kwanza uliomjia kichwani, wakati pasipoti iliyokuwa mezani mbele yake ilisema Kilimanjaro. Mwishoni mwa fomu kuna tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, na tamko hilo ni la mama yako, si la mwenye duka.

Jina nalo lina kanuni yake. Sisi tumezoea kuandika jina letu, la baba, kisha la babu au la ukoo, na kwa mazoea mtu huyapanga anavyopenda. Katika maombi ya viza hakuna mazoea: jina la ukoo ni lile lililoandikwa kwenye pasipoti mahali pa jina la ukoo, na majina mengine yote yanakwenda pamoja kwenye nafasi ya pili, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile. Ukiwa na shaka, tazama chini kabisa ya ukurasa wenye picha, kwenye mistari miwili ya herufi na alama yenye nafasi 44 kila mmoja. Mistari hiyo ndiyo inayosomwa na mashine za viwanja vya ndege duniani kote, na jina linavyosomeka hapo ndivyo linavyopaswa kusomeka kwenye viza na kwenye tiketi. Kama kitambulisho cha NIDA kina tahajia tofauti na pasipoti, fuata pasipoti kwenye fomu ya viza, kisha jambo la NIDA lishughulikieni kwa wakati wake.

Upande wa nyaraka, mgonjwa anahitaji ukurasa wa pasipoti wenye picha uliopigwa skani na kuhifadhiwa kama faili ya PDF isiyozidi kilobaiti 300, picha yake isiyozidi megabaiti moja, na nakala ya barua ya hospitali yenye nembo yake. Pasipoti iwe imebakiza angalau miezi sita tangu siku ya kufika India na iwe na kurasa mbili tupu. Wakati wa skani msikate ile mistari miwili ya chini, kosa ambalo hutokea sana kwa wanaopiga picha kwa simu juu ya kaunta.

Picha ndiyo inayowarudisha watu studio. Hapa kwetu ukisema unataka picha ya pasipoti, mpiga picha anakuweka mbele ya kitambaa cha bluu bila kukuuliza, na anakupa picha ndefu iliyosimama. India wanataka picha ya mraba, urefu sawa na upana, nyuma pawe peupe au pa rangi nyepesi, uso uonekane wote kwa mbele, macho wazi na bila miwani. Kwa hiyo mwambie mpiga picha mapema kwamba ni ya viza ya India, akupe na faili yenyewe kwenye simu au flashi, wala usikubali kupiga skani picha iliyokwisha kuchapishwa kwenye karatasi, kwa kuwa hapo sura hupoteza uang'avu. Mama akivaa kilemba, kisifunike paji la uso wala mashavu.

Anwani ya tovuti ya serikali ya India ni indianvisaonline.gov.in. Iandikeni wenyewe kwenye kivinjari, herufi kwa herufi. Mkitafuta kwa maneno tu, ya kwanza kutokea huenda yakawa matangazo ya makampuni yaliyotengeneza kurasa zinazofanana na za serikali, yenye bendera na nembo, yanayotoza ada mara mbili au tatu ya ile halisi na kubaki na nakala ya pasipoti yako. Tovuti za serikali hujulikana kwa mwisho wa anwani zao: India huishia gov.in, Kenya go.ke, Ethiopia gov.et, Uingereza gov.uk, kama vile zetu zinavyoishia go.tz. Neno viza kuonekana katikati ya anwani halithibitishi chochote.

Anzeni na fomu ya mama, kwa sababu fomu za wasindikizaji zinadai jina la mgonjwa, namba ya pasipoti yake na namba ya maombi au ya viza yake. Mkishajaza ukurasa wa kwanza, mfumo hutoa namba ya muda ya maombi. Iandikeni kwenye karatasi papo hapo, kwa kuwa umeme ukikatika au intaneti ikisuasua mtarudi kwa namba hiyo na kuendelea mlipoishia, bila hiyo mtaanza upya. India wanataka maombi yawe yamefika angalau siku 4 kabla ya safari, lakini kwa mgonjwa mimi nisingengoja hadi hapo, kwani ofisa akiomba barua ya hospitali iletwe upya siku zote nne zitakwisha mkiandikiana na Chennai.

Viza ikija kwa barua pepe, rudini kwenye tovuti ileile, fungueni sehemu ya kuangalia hali ya maombi, na someni kwa macho yenu kwamba imekubaliwa. Karatasi nzuri yenye nembo, aliyoichapa mtu, haitoshi. Vishoka wamewahi kuwapa watu karatasi za namna hiyo ambazo hazipo kabisa kwenye mfumo. Chapisheni nakala mbili kwa kila mtu, moja ikae kwenye mkoba wa mkononi, na mkifika India maofisa watachukua alama za vidole na picha kabla ya kugonga muhuri.

*Mhariri, ninaagiza vipuri vya pikipiki na ninataka kwenda Delhi kuonana na wauzaji. Fomu ya viza ya biashara nimeimaliza, lakini kila nikilipa kwenye kompyuta ya duka kadi yangu inakataliwa, ingawa akaunti ina fedha za kutosha. Jaribio la mwisho fedha zimekatwa na tovuti bado inaonyesha sijalipa. — Mfanyabiashara, Njiro, Arusha.*

Ndugu yangu, usilipe tena kwanza. Malipo ya kuvuka mipaka hupita benki yako, kampuni ya kadi na benki ya India, na majibu huweza kuchelewa saa kadhaa. Ukilipa mara ya pili kwa haraka huenda ukakatwa mara mbili, na ada ya viza hairudishwi. Fungua sehemu ya tovuti inayoonyesha hali ya malipo, weka namba yako ya maombi na tarehe ya kuzaliwa, uone kama malipo yameingia. Yasipoingia hadi kesho yake, nenda benki na taarifa ya akaunti yenye tarehe na kiasi, wakufuatilie.

Kuhusu kadi kukataliwa, chanzo mara nyingi ni benki yako ya hapa hapa na si tovuti. Kadi nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni, hasa ya fedha za kigeni, na hufunguliwa kwa ombi la mwenye kadi, ama tawini ama kwenye programu ya simu. Kuna pia kikomo cha matumizi kwa siku. Halafu kuna namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi kuthibitisha malipo, ambayo huenda kwenye namba ya simu uliyoiandikisha benki siku ulipofungua akaunti. Wengi wamebadilisha laini tangu wakati huo, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine au haumfikii mtu, na muda wa kuithibitisha unakwisha. Mwulize ofisa wa benki mambo hayo matatu kwa pamoja ili usirudi mara tatu.

Jambo moja zaidi, kwa sababu umesema ulijaribu kwenye kompyuta ya duka. Usimsomee mtu zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, wala usikubali kivinjari cha duka kihifadhi kadi yako. Ikiwa huna kompyuta, jaza fomu dukani, kisha fanya malipo kwa simu yako mwenyewe ukiwa umekaa pembeni. Na kwa kuwa viza yako ni ya biashara, hakikisha umeambatanisha barua ya mwaliko ya kampuni unayokwenda kuiona pamoja na kadi yako ya biashara, kwani vyote viwili huombwa.

*Nachukua mitumba Gikomba, Nairobi, na kuuza Kilombero. Kuna mtu pale stendi ananiambia tangu mwaka 2024 Mtanzania hawezi kuvuka Namanga bila kibali cha mtandaoni cha Kenya, na yeye anakitengeneza kwa dola 50. Ni kweli? — Mama wa mitumba, Arusha.*

Si kweli, mama, usimpe hata senti. Kenya iliondoa viza mwezi Januari 2024 na mahali pake ikaweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao, lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahusiki nayo. Wewe unavuka kituo cha pamoja cha Namanga kwa pasipoti yako au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Idara yetu ya Uhamiaji, unagongewa muhuri bila malipo ya viza. Beba pia cheti chako cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa maofisa wa afya mpakani huweza kukiuliza.

Mtu huyo huenda amechanganya habari kwa makusudi, kwa sababu idhini hiyo ipo na inawahusu wengine. Waongoza watalii wa Arusha walijue hili: mgeni wa Kijerumani au wa Kimarekani aliyetoka Serengeti na anataka kuendelea Amboseli kupitia Namanga anapaswa kuwa nayo mkononi kabla ya kufika mpakani, na kumshusha mgeni kwenye gari akaanze kujaza fomu kwa simu huku wenzake wakingoja juani ni uzembe wa kampuni, si wa mgeni.

*Nimegundua baada ya kulipa kwamba kwenye namba ya pasipoti niliandika herufi O mahali pa sifuri. Viza imetoka ikiwa na kosa hilo. Rafiki zangu wanasema ofisa hataona. — Msafiri, Usa River.*

Ofisa hahitaji kuona, mashine ndiyo inayolinganisha, na kwa mashine herufi O na sifuri ni vitu viwili visivyohusiana. Lakini huenda hata hutafika mbele ya ofisa huyo. Pale KIA mhudumu wa shirika la ndege anayekupokea kaunta hulinganisha viza na pasipoti kabla ya kukupa kadi ya kupandia, kwa kuwa shirika likimbeba abiria asiye na hati sahihi hulazimika kumrudisha kwa gharama yake na mara nyingi hutozwa faini. Yeye hana mamlaka ya kukusamehe, hata akikuonea huruma.

Kosa katika namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa au jina halirekebishwi baada ya viza ya kielektroniki kutolewa. Maombi hufanywa upya na ada hulipwa upya. Inauma, najua, lakini ni afadhali uumie leo ukiwa Usa River. Ukijaza upya, eleza kwenye maombi mapya kwamba ulikuwa na viza ya awali, iwapo fomu inauliza. Kisha kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, mpe mtu mwingine pasipoti akusomee kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, wewe ukifuata kwenye skrini kwa kidole. Macho ya aliyeandika huruka kosa lake mwenyewe kwa sababu yanaona kile anachokijua, wakati sikio halina mazoea hayo. Na uwe mwangalifu na tarehe: fomu za nchi nyingine huanza na mwezi, hivyo mtu aliyezaliwa tarehe 5 Agosti anajikuta amezaliwa tarehe 8 Mei.

Jambo hili linawahusu pia waliobadilisha pasipoti. Ukipata mpya baada ya viza kutoka, namba haiko ileile tena, hivyo soma masharti ya nchi unayokwenda. India huruhusu kusafiri kwa pasipoti mpya iwapo unabeba na ile ya zamani iliyotumika kuombea viza.

*Kwaya ya vijana ya usharika wetu imealikwa Ujerumani na usharika rafiki kwa wiki tatu. Tuko 18, wengi wana umri wa kati ya miaka 19 na 24. Mwenyekiti wetu amesema siku hizi mambo yote ni mtandaoni, tutaomba viza ya kielektroniki wiki moja kabla ya safari. Naomba ufafanuzi. — Katibu wa kwaya, Moshi Vijijini.*

Katibu, mwahini mwenyekiti kabla tiketi hazijakatwa. Ujerumani imo katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, na nchi hizo bado hazitoi viza ya kielektroniki. Umoja wa Ulaya umekwisha kupitisha sheria ya kuhamishia maombi kwenye mtandao, lakini hadi mfumo huo utakapoanza viza ni karatasi inayobandikwa ndani ya pasipoti. Kinachofanyika mtandaoni kwa sasa ni kujaza fomu na kuchukua miadi. Baada ya hapo kila kijana hujitokeza mwenyewe siku ya miadi na pasipoti yake, akatoe alama za vidole, isipokuwa aliyekwisha kuzitoa kwa ajili ya viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita.

Kwa hiyo wiki moja haitoshi kwa namna yoyote. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na huweza kufika siku 45 pale wanapohitaji kuchunguza zaidi. Tena miadi ya watu 18 haipatikani kwa siku moja. Mimi ningeanza miezi minne kabla, na ningehesabu ndani ya bajeti nauli ya basi na malazi ya kwaya nzima huko kwenye miadi, kwa sababu gharama hiyo husahauliwa na ndiyo inayowafanya baadhi ya vijana wabaki nyumbani.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na kwa watu 18 ni fedha nyingi kwa usharika wa kijijini. Hapa nina habari njema kwenu. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya inawasamehe ada vijana wenye umri usiozidi miaka 25 wanaowakilisha taasisi zisizo za kibiashara na kwenda kushiriki makongamano, michezo au shughuli za utamaduni na elimu zilizoandaliwa na taasisi za namna hiyo. Kwaya ya usharika iliyoalikwa na usharika mwenzake ina kila sababu ya kuomba msamaha huo, ila hautolewi kwa kukisia. Mwaliko kutoka Ujerumani useme wazi kwamba ni shughuli ya utamaduni, kwamba mwandaaji si taasisi ya biashara, na uorodheshe jina la kila kijana na tarehe yake ya kuzaliwa. Barua ya usharika wenu nayo iseme mambo yaleyale kwa orodha ileile. Barua mbili zikitofautiana hata kwa jina moja, kijana huyo atapata shida. Wale wachache waliozidi miaka 25, pamoja na mwalimu wa kwaya, walipiwe.

Kila mmoja anahitaji bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani, na pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayokuwa hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Kijana asiye na pasipoti aanze leo. Maombi ya pasipoti yetu huanzia mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, ada yake ni shilingi 150,000, na bila namba ya NIDA hakuna kinachoendelea. Wenye umri wa miaka 19 wengi ndio wanaoishia hapo. Zaidi ya yote, kila kijana aoneshe kinachomrudisha nyumbani: barua ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula, barua ya mwajiri, leseni ya biashara. Kijana anayeweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe anakwenda kuimba wapi, atalala kwa nani na atarudi lini kufanya nini amejiandaa kuliko aliyebeba faili nene lililopangwa na mtu mwingine.

*Miaka mitatu iliyopita nilinyimwa viza ya Uingereza. Sasa ninaomba ya nchi nyingine, na fomu inauliza kama nimewahi kukataliwa. Wakala amenishauri niandike hapana, kwa kuwa pasipoti yangu ni mpya na haina muhuri wowote. — Msomaji wa Sakina, Arusha.*

Andika ndiyo, na umwache wakala huyo. Pasipoti mpya haifuti chochote, kwani alama zako za vidole zilichukuliwa siku ulipoomba, na nchi hubadilishana taarifa. Kunyimwa viza si kosa la jinai, na watu wengi waliowahi kunyimwa wamepata baadaye. Kinachofunga mlango ni uongo: Uingereza, kwa mfano, huweza kumzuia mtu kwa miaka 10 akigundulika amedanganya kwenye maombi, na adhabu hiyo haimwangukii aliyechapa.

Tafuta ile barua ya kukataliwa, maana hutaja sababu. Andika mwezi na mwaka, aina ya viza uliyoomba, na sababu waliyoitoa kwa sentensi mbili au tatu, kisha ueleze kilichobadilika tangu wakati huo. Kama walisema hukuonyesha mapato, ambatanisha taarifa ya benki ya miezi sita yenye mzunguko halisi wa biashara yako, si fedha za kuazima zilizoingizwa wiki iliyopita, kwa sababu wanaosoma taarifa hizo huzitambua mara moja. Kama barua imepotea, tafuta kwenye barua pepe uliyotumia wakati ule. Na ikiwa ile barua pepe ilikuwa ya wakala, mtake akutumie nakala kabla hujaachana naye.